Maana ya Bond: Neno Moja, Kuanzia Seli ya Polisi Hadi CBK, Saluni na Mjengo

Kuna neno moja la Kizungu ambalo msee wa Nairobi anaweza kukutana nalo mara tano kwa wiki moja, na kila mara linamaanisha kitu tofauti. OCS anasema utaenda nyumbani ukipata bond. Redio inasema CBK inauza bond. Mtu wa HR anakuambia uweke sahihi kwa bond kabla upelekwe training. Dada wa saluni anauliza weave ni ya kushona ama ya bonding. Halafu mathe anasema mtoto bado hajabond na babake.

Neno ni lile lile. Tofauti ni hii: ukichanganya maana pale saluni, hasara ni nywele. Ukichanganya kortini ama kwa mkataba wa job, hasara inaweza kuwa shamba la familia. Kwa hivyo tumezipanga hapa zote, zile nzito kwanza, zile za story za jaba mwisho.

Neno lilitoka wapi

Bond ni ndugu wa "bind", yaani kufunga. Kwa Kiingereza cha Zama za Kati lilikuwa tu njia nyingine ya kutamka "band", kitu cha kufungia: kamba, mshipi, hata minyororo. Baadaye likaanza kutumika kwa kamba ambazo hazionekani, kama ahadi, deni na undugu.

Shika hapo tu na maana zingine zote zitafunguka. Kila unaposikia bond, uliza maswali matatu: Nani amefungwa? Amefungwa na nini? Na fundo linafunguliwa lini? Tutayatumia hadi mwisho.

1. Bond ya polisi na korti

Hii ndiyo wasee wengi hukutana nayo bila kujipanga. Umeshikwa Ijumaa usiku, kesho yake mbogi inachanga, na kila mtu kwa group anauliza "bond ni ngapi?" Tuanze na kutenganisha vitu vinne ambavyo watu huviweka kwa gunia moja.

*Bond* ni ahadi ya maandishi kwamba utarudi siku utakayotakiwa. Inaweza kuwa yako mwenyewe bila kuweka chochote, ile watu huita bond ya bure. Inaweza pia kudai mdhamini, na mdhamini aonyeshe mali kama hati ya shamba ama logbook ya gari.

*Cash bail*, ama dhamana ya pesa taslimu, ni pesa unaweka ili uachiliwe. Hiyo pesa ni yako. Ukihudhuria kesi hadi iishe, unarudishiwa, hata kama umepatikana na hatia.

*Faini* ni adhabu. Inakuja baada ya korti kukupata na hatia, na hairudi.

Halafu kuna *kitu kidogo*. Hiyo haina risiti, haiko kwa sheria, na haifungi kesi.

Sasa hapa ndipo habari za korti huwachanganya watu. Unasoma kwamba jamaa ameachiliwa "kwa bond ya shilingi 200,000 ama pesa taslimu 100,000". Watu kwa comments wanasema hakimu anataka laki mbili. Hapana. Hiyo ni chaguo. Njia ya kwanza, mtu anakuja na mali yenye thamani ya angalau laki mbili na kusimama kama mdhamini, na hakuna anayetoa hiyo laki mbili siku hiyo. Njia ya pili, unalipa laki moja cash na unapewa risiti.

Haki yenyewe iko kwa Katiba ya 2010, Kifungu cha 49. Ukikamatwa una haki ya kuachiliwa kwa bond ama bail kwa masharti ya kadiri, mpaka pawe na sababu nzito ya kukuzuia. Unafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Hizo saa zikiishia wakati korti imefungwa, kama wikendi, basi unapelekwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana wasee husema kushikwa Ijumaa ni ngori. Kifungu hicho hicho kinasema kosa likiwa la faini peke yake, ama la kifungo kisichozidi miezi sita, hufai kuwekwa rumande.

Polisi wenyewe wanaweza kukuachilia kwa bond pale kituoni, kabla hata ya kuona korti. Kwa kesi nzito kama mauaji ama wizi wa mabavu, hiyo nguvu hawana, korti ndiyo inaamua. Na kama umetoa cash kituoni, dai risiti. Bila risiti huna cha kuonyesha baadaye ukitaka pesa yako.

Rudi kwa maswali matatu. Nani amefungwa? Wewe, na pia mdhamini wako. Hapa ndipo watu huumia. Mzae akitoa hati ya shamba ili utoke, halafu uhepe korti, korti inaweza kumwita aeleze kwa nini asilipe ile pesa ya bond, na ile mali iko hatarini. Fundo linafunguliwa kesi ikiisha, si siku ile unatoka seli ukipigiwa makofi na mbogi. Mdhamini naye akiona unaanza kupotea, anaweza kurudi kortini aombe kujitoa. Akitolewa, wewe unatafuta mdhamini mwingine ama unarudi ndani.

Korti pia inaweza kukufunga kwa bond ya kuweka amani, hata kama hujapatikana na hatia ya kosa lolote, ikiridhika kwamba kuna uwezekano uanzishe vurugu. Hiyo unaahidi kutulia kwa muda fulani.

2. Bond ya serikali

Kwa Kiswahili cha benki hii inaitwa hatifungani. Hapa kamba imegeuka: aliyefungwa ni serikali. Wewe unaikopesha doo, yenyewe inaahidi kukulipa riba kila miezi sita, na siku ya mwisho ikifika inakurudishia pesa yako yote.

Mfano rahisi. Weka shilingi 50,000 kwa bond ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 12. Kwa mwaka ni 6,000, kwa hivyo 3,000 kila miezi sita, kabla ya kodi. Bond za miaka kumi kwenda juu riba yake hukatwa asilimia 10, zile za chini ya miaka kumi asilimia 15. Baada ya miaka kumi, ile 50,000 inarudi.

CBK ndiyo huuza kwa niaba ya serikali, na tangu 2023 watu hufungua akaunti kwa mtandao kupitia DhowCSD, bila kupanga laini Haile Selassie Avenue. Bond za kawaida huanzia 50,000. Kwa wale hawafiki hapo, 2017 serikali ilileta M-Akiba, bond ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi, kwa miaka mitatu.

Kuna pia infrastructure bond, ya kujenga barabara, maji na stima. Ile ya Februari 2024 ililipa zaidi ya asilimia 18, na watu walikimbia kama wanagawiwa unga. Serikali ilikuwa imeomba bilioni 70, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 280.

Kitu moja watu wa TikTok husahau kuwaambia. Ukitaka kutoka kabla ya wakati, CBK hairudishi tu pesa. Unauza bond yako kwa mtu mwingine pale soko la hisa, NSE. Kama yako inalipa asilimia 12 na mpya zinalipa 16, nani atanunua yako kwa bei kamili? Hakuna. Utaipunguza bei. Riba za mpya zikishuka, yako inapanda bei. Kwa hivyo kabla ya kuweka, jiulize kama hiyo pesa utaihitaji kabla ya fundo kufunguka.

Na kama unadhani hii ni ya matajiri peke yao: payslip yako ikikatwa NSSF, sehemu ya hiyo pesa imekopeshwa serikali kupitia bond. Uko ndani tayari, hata kama hujawahi kufungua DhowCSD.

3. Eurobond

Jina linadanganya. Eurobond haimaanishi pesa ya euro. Ni bond ambayo nchi inauzia wawekezaji wa nje kwa pesa isiyo yake. Kenya iliuza ya kwanza Juni 2014, kwa dola, na ikaorodheshwa soko la hisa la Dublin, Ireland. Dola bilioni 2 mara ya kwanza, halafu ikaongezwa mwisho wa mwaka huo huo.

Nani amefungwa hapa? Serikali ndiyo imeweka sahihi, lakini anayelipa ni mwenye kulipa kodi. Na kwa sababu deni ni la dola, shilingi ikianguka deni linanona hata kama hujaongeza hata senti moja. Mwaka wa 2024 ndio huu mzigo ulionekana wazi. Februari serikali ilikopa Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu ya ile ya zamani. Juni 24 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya ile ya dola bilioni 2. Kesho yake, Juni 25, vijana waliingia Bunge wakikataa Mswada wa Fedha. Usisome hizo tarehe kama moja ilizaa nyingine. Lakini serikali yenyewe ilikuwa imetetea ule mswada kwa kusema inahitaji ushuru zaidi ili ilipe madeni. Wasee wengi waliokuwa barabarani walikuwa watoto wa primary wakati ile bond inauzwa. Fundo lilifungwa wakiwa darasani, likaanza kuwakaza wakiwa wakubwa.

4. Bond ya job

Kampuni inakulipia kozi, ama inakupeleka training nje, halafu inasema: utatufanyia kazi miaka miwili ama mitatu, ukitoka mapema unarudisha gharama. Hiyo ni bond. Iko sana kwa marubani, mainjinia, madaktari na manasi wanaosomeshwa zaidi, na wafanyakazi wa serikali wanaopewa likizo ya masomo.

Yenyewe si mbaya. Mtu akikusomesha ana haki ya kutaka afaidike. Shida ni kuweka sahihi kwa sababu umesota na umechoka kungoja. Kabla ya kalamu, angalia: Miaka inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kuandikwa ama siku ya kumaliza training? Pesa ya kurudisha imeandikwa kwa tarakimu? Inapungua kadri unavyofanya kazi, ama hata ukibakisha mwezi mmoja unalipa yote? Wakikufuta wao, bado unalipa?

Bond inaweza kukudai pesa. Haiwezi kukulazimisha kwa nguvu uje kazini, kwa sababu Kifungu cha 30 cha Katiba kinakataza utumwa na kazi ya lazima. Kwa hivyo bosi akikuambia "wewe ni wetu hadi 2029", jua kuna mahali anapita kando.

Kwa wale wanaotafuta mboka Gulf, kuna bond nyingine ambayo inafaa kuwa upande wako. Sheria hutaka ajenti anayepeleka watu nje aweke bond kwa serikali, ili mambo yakienda mrama kuwe na pesa ya kukurudisha nyumbani. Ajenti asiyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hana hiyo kamba shingoni. Akikuacha kwa mataa, umeachwa.

5. Bond ya tenda

Ukifungua kampuni na kuomba tenda utakutana na mbili. *Bid bond* ni ya kuonyesha hauchezi: ukishinda tenda halafu uhepe, inachukuliwa. Kwa tenda za serikali haifai kuzidi asilimia 2 ya bei. *Performance bond* inakuja baada ya kushinda, na benki ama kampuni ya bima inaahidi kulipa usipomaliza kazi.

Hii ndiyo hufungia vijana nje, kwa sababu benki nayo inataka dhamana kabla ya kukuandikia karatasi. Lakini kwa zile asilimia 30 za tenda zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ile AGPO, sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu ujaze fomu ya kuahidi badala ya bid bond. Ukiulizwa bid bond kwa tenda ya AGPO, uliza kwa nini.

6. Bond ya bandarini

Umeenda kuangalia ndai Mombasa, dalali anakuambia "hiyo bado iko bond". Anamaanisha iko kwa ghala ama yadi inayosimamiwa kiforodha, na ushuru haujalipwa. Bei anayokutajia inaweza kuwa nzuri sana kwa sababu KRA bado hajakula. Uliza kama ni bei kabla ama baada ya ushuru.

Pia zile lori za kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupita hapa chini ya bond. Mwenye mzigo ameweka ahadi kwamba bidhaa zitavuka mpaka bila kumwagwa soko letu. Zikivuka, bond inafunguliwa. Sukari ikipatikana Kariobangi, mtu analipa.

7. Bond ya kemia, na kwa nini inahusu nywele zako

Hii ulisoma Form Two. Atomu hazikai solo. Zinashikana, na huko kushikana ndiko bond. Kwa chumvi, sodiamu inampa klorini elektroni yake, halafu wanavutana. Kwa maji, oksijeni na haidrojeni wanatumia elektroni pamoja, kama wasee wanachanga rent ya keja moja.

Ukidhani haikuhusu, angalia kioo. Nywele zina bond za aina kadhaa. Zile nyepesi za haidrojeni zinafunguka ukilowesha nywele na kujipanga upya ukizipiga blow-dry. Ndiyo maana ukipita kwa mvua baada ya blow-dry, nywele zinarudi zilivyokuwa. Hazijaharibika, bond zimerudi mahali pake. Zile ngumu, zilizojengwa na salfa, hazivunjwi na maji. Relaxer ndiyo huzivunja, na zikishavunjwa hazirudi. Nywele mpya zinaota na bond zake za kuzaliwa, ndiyo kwa maana unalipa retouch. Relaxer nyingi za kali zina sodium hydroxide, ile ile ya caustic soda ya kutengeneza sabuni na kuzibua mifereji. Ikianza kuchoma ngozi, mwambie dada aoshe saa hiyo hiyo.

Weave ya bonding haina uhusiano na hizo. Ni gundi tu.

8. Bond ya mjengo

Simama mbele ya ukuta wowote wa mawe. Utaona fundi hajapanga jiwe juu ya jiwe moja kwa moja. Kila jiwe limekalia pengo la mawili ya chini. Mpangilio huo unaitwa bond. Mistari ya simiti ya kusimama ikilingana kutoka chini hadi juu, ukuta una mahali pa kupasuka. Ukinunua keja ama ukijenga ocha, hiyo unaweza kuangalia kwa macho yako kabla plasta haijafunika.

9. Kubond na watu

Mama na mtoto, couple, mbogi ya five-a-side. Hapa hakuna karatasi wala OCS. Hospitali zetu huwaweka watoto waliozaliwa mapema kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu inawapa joto na inawaunganisha. Baba pia anaweza. Hii ndiyo bond pekee kwa orodha yote ambayo hukazwa na kukaa pamoja, si sahihi.

10. Za story

James Bond alikuwa mtu wa kweli, lakini hakuwa jasusi. Alikuwa mtaalamu wa ndege wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibiani mwaka wa 1936. Ian Fleming alikuwa anatafuta jina la kawaida, lisilo na mbwembwe, akalichukua kwa hicho kitabu. Riwaya ya kwanza, Casino Royale, ilitoka 1953, na filamu ya kwanza 1962.

"Bondage" nayo si mtoto wa bond, ingawa zinafanana sura. Inatoka kwa neno la zamani la mkulima anayeishi kwa ardhi ya bwana mkubwa, ndugu wa ile "band" iliyo mwisho wa "husband". Bonde letu la Ufa pia haliko kwa hiyo familia. Wala Bondo.

Kwa ufupi, ukisikia bond uliza

- Kituoni na kortini: wewe na mdhamini mmefungwa, hadi kesi iishe.
- CBK: serikali imefungwa kwako, hadi siku ya mwisho ya bond.
- Eurobond: nchi imefungwa kwa wageni, na unalipa kupitia ushuru.
- Kazini: umefungwa kwa bosi, hadi miaka iishe ama ulipe.
- Tenda: umefungwa kumaliza kazi uliyoahidi.
- Bandarini: mzigo umefungwa, hadi ushuru ulipwe ama uvuke mpaka.
- Kemia, saluni, mjengo: vitu vimeshikana, na vikiachana kuna kitu kinabadilika.

Ukipewa karatasi yoyote iliyoandikwa hilo neno juu, usiweke sahihi kabla hujajibiwa maswali yote matatu. Na mzae akitoa hati ya shamba kwa sababu yako, andika tarehe ya korti mahali utaiona kila asubuhi.